SIMU YA UPEPO: SIKILIZA KWANZA, KISHA SEMA

Gorong'a ni nchi ya milima na mabonde. Upande mmoja kuna mashamba, nyumba na maboma ya ng'ombe. Upande mwingine kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye tembo, nyati na simba. Mto Mara unatoka Kenya, unapita ndani ya Hifadhi, kisha unakwenda mpaka Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Mvua kubwa ikinyesha huko juu unakotoka, mto hujaa hata kama huku chini jua linawaka.

Katika nchi ya namna hii habari lazima ziende upesi kuliko miguu. Tembo wakiingia shambani usiku, jirani lazima ajue kabla hawajafika kwake. Mama akishikwa na uchungu mbali na zahanati, gari lazima liitwe mara moja. Mto ukijaa, watu walio ng'ambo lazima waambiwe wasivuke.

Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi. Simu hizo ni msaada mkubwa. Lakini ndani ya mabonde na porini mtandao mara nyingi haufiki. Tena simu ya mkononi hukuunganisha na mtu mmoja. Ukitaka kuwaambia watu 10 habari moja, utapiga simu mara 10. Tembo hawatasubiri.

Ndiyo maana askari wa wanyamapori, polisi, madereva wa magari ya watalii na walinzi wa migodi bado wanatumia simu ya upepo. Ukibonyeza kitufe na kusema mara moja, wote walio katika chaneli ile wanakusikia. Hakuna vocha wala kupiga namba.

Lakini chombo hiki kina sheria zake. Mtu akionyeshwa kitufe tu, bila kufundishwa jinsi ya kusema, anaweza kuwazuia wenzake wote wasisikilizane. Makala haya yanaeleza jinsi simu ya upepo inavyofanya kazi, na jinsi ya kuitumia vizuri.

NJIA MOJA, WATU WENGI

Katika simu ya mkononi watu wawili wanaweza kusema kwa pamoja. Katika simu ya upepo haiwezekani. Ukibonyeza kitufe unasema, lakini husikii. Ukiachia kitufe unasikia, lakini husemi.

Fikiri juu ya daraja jembamba la miti. Mtu mmoja tu anaweza kupita. Wengine husubiri zamu yao. Wawili wakiingia kutoka pande mbili, hakuna atakayevuka. Chaneli ya simu ya upepo ni daraja la namna hiyo. Watu wawili wakibonyeza vitufe kwa wakati mmoja, wanaosikiliza hupata mkoromo au mluzi, au humsikia mmoja tu mwenye nguvu zaidi. Na hao wawili waliokuwa wanasema hawajui kwamba hawakusikika.

Hilo ndilo jambo la hatari. Kila mmoja anaamini kwamba ujumbe wake umefika.

AJALI YA MWAKA 1977

Jambo hili liliwahi kuua watu wengi. Ajali yenyewe ilitokea mbali na kwetu, lakini mafunzo yake yanahusu kila mtu anayeshika simu ya upepo.

Tarehe 27 Machi, 1977, ndege mbili kubwa zilikuwa katika uwanja wa Los Rodeos, kwenye kisiwa cha Tenerife, nchi ya Hispania. Moja ilikuwa ya Uholanzi. Nyingine ilikuwa ya Marekani. Ukungu mzito ulikuwa umetanda. Marubani hawakuonana, na watu wa mnara wa kuongozea ndege hawakuziona ndege hizo. Walitegemea simu ya upepo tu.

Ndege ya Uholanzi ilianza kukimbia ili iruke, ingawa haikuwa imepewa ruhusa. Ndege ya Marekani ilikuwa bado njiani, kwenye barabara ile ile. Watu wa mnara walimwambia rubani wa Uholanzi asubiri. Wakati huo huo marubani wa Marekani nao walisema kwamba bado wako barabarani. Sauti hizo mbili ziligongana. Ndani ya ndege ya Uholanzi ulisikika mluzi kwa sekunde chache. Maneno yaliyoweza kuwaokoa yakapotea ndani ya mluzi huo.

Ndege ziligongana. Watu 583 walikufa.

Baada ya ajali hiyo kanuni za kusema katika simu za ndege zilikazwa. Neno la Kiingereza lenye maana ya "kuruka" sasa hutumiwa pale tu ndege inapopewa ruhusa ya kuruka, au ruhusa hiyo inapofutwa. Tena rubani anapopewa amri muhimu, lazima airudie, ili aliyeitoa ahakikishe kwamba imesikika sawasawa.

Hapa kwetu hatuongozi ndege. Lakini tuna mto, tuna tembo, tuna wagonjwa na tuna giza la usiku. Ujumbe ukipotea, mtu anaweza kufa.

KWA NINI SAUTI HUZUIWA NA MILIMA?

Simu ya upepo ya mkononi hutumia mawimbi yanayokwenda karibu sawa na jinsi jicho linavyoona. Kama kilima kimesimama kati yako na mwenzako, mawimbi mengi huzuiwa. Misitu minene na kuta nazo hupunguza nguvu.

Mtu akisimama katika tambarare, macho yake hufika kiasi cha kilometa 4 au 5 tu, kwa sababu dunia ni mviringo. Akipanda kilima kinachoinuka mita 100 juu ya tambarare, anaweza kuona kiasi cha kilometa 36. Mawimbi ya simu ya upepo nayo hufuata kanuni kama hiyo. Hupita mbele kidogo tu ya pale jicho linapofika.

Kwa hiyo, kama husikiki, usipige kelele. Kelele haziongezi nguvu ya mawimbi. Kelele huharibu sauti tu. Badala yake fanya hivi:

1. Toka bondeni, panda mahali palipoinuka.
2. Sogea mbali na ukuta, gari au mti mkubwa.
3. Shika simu wima, antena ikielekea juu.
4. Hata hatua chache za kusogea zinaweza kubadili sauti. Jaribu tena.

Zipo pia simu za upepo za namna nyingine, zinazotumia mawimbi marefu zaidi. Mawimbi hayo hupanda juu, hugonga tabaka la anga, kisha hurudi chini mbali sana. Madaktari wa shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, walizitumia sana katika kazi yao ya udaktari wa ndege. Kutoka Nairobi walizungumza na hospitali na zahanati za mbali katika Afrika Mashariki. Muuguzi aliye porini aliweza kumwuliza daktari, au kuomba ndege ije kumchukua mgonjwa. Huduma hiyo ilifaulu kwa sababu watu walishika zamu na walisema kwa kifupi.

RIPITA NI NINI?

Kama milima inazuia mawimbi, watu wafanye nini? Huweka mtambo juu ya kilima. Mtambo huo huitwa ripita. Kazi yake ni kupokea sauti na kuirusha tena kwa nguvu zaidi.

Fikiri juu ya mpiga mbiu aliyesimama kileleni. Watu wa bonde la mashariki hawawezi kuwasikia watu wa bonde la magharibi. Lakini mpiga mbiu anawasikia wote. Mtu wa bonde moja akisema, mpiga mbiu anayarudia maneno hayo kwa sauti kubwa, na watu wa bonde la pili wanasikia.

Lakini ripita haingoji mtu amalize kusema. Inapokea na kurusha wakati huo huo. Kwa hiyo inatumia masafa mawili tofauti. Masafa ya kwanza ni ya kupokea, kama sikio. Masafa ya pili ni ya kurusha, kama mdomo. Yangekuwa masafa yale yale, ripita ingejisikia yenyewe tu na kuvuruga kila kitu. Simu yako ya mkononi hupangwa na fundi iyafuate masafa hayo mawili. Usibadilishe mipango hiyo mwenyewe.

Ripita nyingi zina ufunguo. Simu yako hutuma mlio mdogo wa chini pamoja na sauti yako. Watu hawausikii, lakini ripita huutambua na kufungua mlango. Simu isiyo na ufunguo huo haifungui ripita, hata ikiwa karibu nayo.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA KATIKA RIPITA

Kwanza, bonyeza, subiri, kisha sema. Ripita huchukua muda mfupi kuamka. Ukibonyeza kitufe na kusema papo hapo, neno la kwanza hukatwa. Ukisema "Msije," huenda wenzako wakasikia "je" tu. Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, kisha anza.

Pili, acha nafasi. Mwenzako akimaliza kusema, usibonyeze mara moja. Subiri sekunde 2 au 3. Huenda kuna mtu mwingine mwenye dharura ambaye amekuwa akitafuta nafasi ya kuingia. Watu wawili wakijibizana bila kuacha nafasi, wamemfungia mlango mtu wa tatu.

Tatu, sema kwa kifupi. Ripita nyingi zimewekewa kikomo. Mtu akishikilia kitufe kwa dakika chache bila kupumzika, ripita hujizima kwa muda ili isiungue, au ili kitufe kilichokwama kisiwazuie watu wote. Kama ujumbe wako ni mrefu, ukate vipande vipande.

Nne, kama mko karibu, msitumie ripita. Watu wawili walio shamba moja hawana haja ya kilima. Fundi awawekee chaneli ya pili ya kuzungumza moja kwa moja, simu kwa simu. Hivyo ripita inabaki wazi kwa walio mbali. Tena siku ripita ikiharibika, chaneli hiyo ya pili ndiyo itakayowasaidia. Kila mmoja aijue kabla ya siku hiyo kufika.

KITUFE KILICHOKWAMA

Yako makosa yanayofanywa na mtu asiyesema hata neno moja. Mtu ameweka simu yake kwenye kiti cha gari, ameikalia, na kitufe kimebonyezwa. Au ameiweka ndani ya mfuko pamoja na tochi na panga. Simu yake inarusha mngurumo wa gari au mazungumzo yake, na chaneli yote imefungwa. Wenzake hawawezi kumwambia, kwa sababu simu inayorusha haisikii.

Kwa hiyo angalia taa ya simu yako mara kwa mara. Katika simu nyingi taa nyekundu huwaka wakati wa kurusha. Ukiiona inawaka nawe husemi, toa simu mfukoni upesi. Na kama chaneli imekuwa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, angalia simu yako kwanza kabla ya kuwalaumu wengine.

HODI KWANZA

Kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi. Simu ya upepo nayo ina hodi yake. Hodi hiyo ni kusikiliza. Kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza sekunde chache. Kama watu wanasema, ngoja wamalize.

Kisha mwite unayemtaka kwa jina lake la kazi, na utaje lako. Usiseme, "Haloo, haloo, nani yuko hapo?" Watu 5 wanaweza kukujibu kwa pamoja. Taja jina lake mara mbili, halafu lako mara moja. Ukimaliza, sema "Ova." Neno hili limetoka Kiingereza. Maana yake ni, "Nimemaliza, sasa ni zamu yako." Mazungumzo yote yakiisha, sema "Mwisho."

Huu ni mfano:

"Zahanati, Zahanati, hapa Doria Mbili. Ova."

"Doria Mbili, hapa Zahanati. Nakusikia vizuri. Ova."

"Nina mgonjwa mmoja, mwanamume, mtu mzima. Amevunjika mguu. Tuko kivukoni, upande wa shule. Tunahitaji gari na machela. Ova."

"Nimepata. Mgonjwa mmoja, mguu umevunjika. Kivukoni, upande wa shule. Gari na machela. Je, sahihi? Ova."

"Sahihi. Ova."

"Gari linaondoka sasa. Bakini hapo hapo. Nitakuita baada ya dakika 10. Ova."

"Nimepata. Tunabaki hapa. Doria Mbili, mwisho."

Mazungumzo hayo yanachukua chini ya dakika moja. Kila jambo la lazima limetajwa: nani, nini, wapi, na msaada gani unatakiwa. Tena aliyepokea ameurudia ujumbe.

SALAMU JE?

Hapa liko jambo gumu. Sisi ni watu wa salamu. Kijana akimwona mzee humwamkia. Humwuliza habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe. Kijana wa doria anapomwita mwenyekiti wa kijiji kwa simu ya upepo na kuanza kazi bila "Shikamoo mzee," mtu anaweza kusema kijana huyu hana adabu.

Lakini katika simu ya upepo adabu ni kuwaachia wengine njia. Salamu ndefu ya watu wawili ni mlango uliofungwa kwa watu 20. Kwa hiyo viongozi na wazee wakubaliane na vijana tangu mwanzo: salamu za heshima zitolewe ana kwa ana, na katika simu ya upepo kazi ianze mara moja. Mzee akisema hivyo yeye mwenyewe mbele ya wote, hakuna kijana atakayeona haya kuwa mfupi.

Unaweza pia kupangwa wakati mmoja wa kusalimiana. Kila jioni, kwa mfano saa 12, kituo kikuu kiite kila simu kwa zamu. Kila mmoja ajibu, "Nipo, betri nzuri, hali shwari." Hapo salamu moja ya kituo inatosha kwa wote. Tena hapo ndipo itakapojulikana simu gani imeharibika na nani hajarudi. Ni afadhali kujua hivyo saa 12 jioni kuliko saa 8 usiku wakati wa hatari.

MANENO YANAYOFANANA

Lugha yetu ya Kiswahili ni nzuri, lakini baadhi ya maneno yake yanafanana sana yanaposikika kwa mkoromo. Mtumiaji wa simu ya upepo lazima ayajue.

"Sita" na "tisa" husikika kama neno moja. Ukitaja tisa, ongeza neno la zamani: "tisa, kenda." Namba kubwa zitaje tarakimu moja moja. Usiseme "kumi na tano." Sema "moja, tano."

"Kusini" na "kaskazini" huanza na kuishia kwa sauti zinazofanana. "Mashariki" na "magharibi" ni vivyo hivyo. Sema pia mahali panapojulikana: "kaskazini, upande wa shule," au "mashariki, linakochomoza jua."

"Ndiyo" na "siyo" nayo hufanana. Tumia "sahihi" unapokubali, na "hapana" unapokataa.

Saa nayo itajwe pamoja na wakati wake: "saa mbili asubuhi," au "saa mbili usiku." Kati ya saa hizo mbili kuna saa 12 nzima.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni kukataza. Katika Kiswahili silabi moja ndogo hubadili amri kuwa kinyume chake. "Msivuke" maana yake ni mbaki. Silabi "si" ikimezwa na mkoromo, wenzako watasikia "mvuke." Mto umejaa, mamba wamo, nao wanaingia majini kwa sababu wanaamini kwamba umewaambia waingie. "Usije" nayo inaweza kusikika kama "uje."

Kwa hiyo, katika jambo la hatari usikataze tu. Taja jambo la kufanya. Badala ya "msivuke," sema: "Simameni. Bakini ng'ambo hiyo. Mto umejaa." Badala ya "usije huku," sema: "Baki hapo ulipo. Tembo wako njiani." Neno "simameni" likikatika, bado "bakini" litasikika. Na hata yote mawili yakipotea, "mto umejaa" itawafanya wafikiri. Kisha mwombe mwenzako arudie maneno hayo, usikie kwa masikio yako.

WAKATI WA DHARURA

Dharura ni jambo linalohatarisha uhai. Marubani na mabaharia hutaja neno lao la dharura mara tatu. Nanyi mnaweza kufanya hivyo: "Dharura, dharura, dharura." Wengine wote wakisikia neno hilo lazima wanyamaze, hata kama walikuwa katikati ya mazungumzo. Kituo kikuu ndicho kinachojibu. Kisipojibu, aliye karibu ajibu. Wengine waendelee kusikiliza, wasiulize maswali ya udadisi.

Neno hilo lisitumiwe kwa mchezo, wala kwa ng'ombe mmoja aliyepotea. Likitumiwa ovyo, siku ya hatari hakuna atakayelijali.

Simu ya upepo inaweza kuungana na simu ya kawaida. Mtu aliye bondeni bila mtandao humwambia kwa upepo mtu aliye kilimani penye mtandao, naye hupiga simu. Polisi hupatikana kwa namba 112. Kwa dharura ya mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, upo mfumo wa m-mama, namba 115, bila malipo. Namba hizo ziandikwe ukutani penye kituo kikuu.

KILA MTU ANASIKILIZA

Simu ya upepo haina siri. Ye yote mwenye chombo kinachopokea masafa yale anaweza kukusikia, na wewe hutajua. Mwizi wa mifugo naye ana masikio. Jangili naye ana masikio. Usitaje fedha zinasafirishwa saa ngapi, wala doria italala wapi. Usitaje jina la mgonjwa na ugonjwa wake mbele ya masikio yote hayo. Sema "mgonjwa mmoja," inatosha.

Wala usitumie chaneli kwa porojo na matusi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini katika chaneli kuvuma kwake huwazuia wenye kazi.

LESENI

Masafa ni mali ya umma, kama barabara. Katika Tanzania yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Huruhusiwi kununua simu za upepo sokoni na kuanza kurusha katika masafa unayoyachagua mwenyewe. Huenda ni masafa ya polisi, ya ndege au ya gari la wagonjwa. Tena mawimbi hayajui mpaka wa nchi. Sisi tulio karibu na Kenya tunaweza kuwavuruga majirani zetu bila kujua.

Kijiji au kikundi kinachotaka mtandao wake kiende TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza. Kitaelezwa masharti, vyombo vinavyokubaliwa na ada. Mwenyekiti na ofisa mtendaji washirikishwe. Ikiwa kazi ni ya kuzuia tembo, washirikishwe pia askari wa wanyamapori, maana wao wana mtandao wao tayari.

KUTUNZA CHOMBO

Simu iliyokufa betri haina faida kuliko jiwe. Kurusha hula betri zaidi sana kuliko kusikiliza. Hiyo ni sababu nyingine ya kusema kwa kifupi. Chaji betri kila siku, kwa umeme au kwa sola. Usiiache juani ndani ya gari. Doria ya usiku ichukue betri ya akiba.

Usibonyeze kitufe kama antena imetolewa, maana simu inaweza kuungua. Usibebe simu kwa kuishika antena. Ikilowa, zima, toa betri, ikaushe kivulini. Unaposema, weka simu kiasi cha upana wa vidole vinne kutoka mdomoni.

Ripita nayo inahitaji matunzo. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na mtambo husimama juu ya kilima. Lazima uwe na waya wa kupeleka radi ardhini, uliowekwa na fundi. Paneli zifutwe vumbi. Nyasi zifyekwe ili moto wa porini usifike. Kilima kiwe na mlinzi, kwa sababu anayeiba betri ya ripita amewanyamazisha watu wa mabonde yote.

Mwisho, kituo kikuu kiwe na daftari. Kila ujumbe muhimu uandikwe: tarehe, saa, aliyeita, alichosema na kilichofanyika. Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Maneno ya upepo hupotea yakishasemwa. Yaliyoandikwa hubaki, nanyi mkikutana mtaweza kuyasoma na kuona palipo na kasoro.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja katika chaneli moja?
2. Ripita inafanya kazi gani? Kwa nini huwekwa kilimani?
3. Mto umejaa na watu wako ng'ambo. Utawaambia maneno gani? Eleza sababu.
4. Kijijini kwenu ni maneno au majina gani ya mahali yanayofanana na yanayoweza kuleta makosa? Mtayabadili vipi?
5. Mtakubaliana vipi na wazee kuhusu salamu katika simu ya upepo?